Kompyuta Zenye Nailoni Zake

Mpendwa Shangazi, nisaidie kabla sijamfukuza mtu kazi.

Mimi ni mwalimu mkuu wa sekondari, na shule yangu ilipewa kompyuta, mpya kabisa, nikazitunza kama mboni ya jicho, nailoni sikuzitoa, juu nikazifunika vitambaa, ufunguo wa chumba nalala nao, wanafunzi wanavua viatu mlangoni ndipo waingie kuziangalia, na kwa kuwa kugusa ni kuharibu nikamwagiza mwalimu wa kompyuta awachoree kibodi ubaoni wafanye mazoezi ya kubonyeza kwenye madaftari, na hawajambo, herufi zote wanajua zilipo, sasa huyu kijana, mtoto wa juzi tu, nilipokwenda mkutanoni akaita fundi akabadilisha kitasa, narudi nakuta watoto wamejaa, nailoni ziko chini, moja imegoma kuwaka kwa sababu mjusi alitaga ndani, namuuliza umetumwa na nani, ananijibu mbele yao, “Mama, mtihani wa vitendo ni muhula ujao, watamwonyesha mtahini madaftari?” watoto wakacheka, Shangazi, wamenicheka mimi, na barua ya kumfukuza nimeshaiandika, ila binti wa marehemu dada yangu, ninayemlea, yumo darasa hilo na tangu siku ile hasemi nami. Niipeleke barua au nimsamehe kijana?

Kwako Mwalimu Mkuu,

Kuchekwa na watoto kunauma, pole. Pole yangu imeishia hapo.

Umsamehe kwa kosa gani, la kufundisha? Wanafunzi wako wanavua viatu, wanapita kimya, wanatazama kilichofunikwa, wanatoka. Hapo wanasoma au wanaaga maiti? Unasema zitaharibika. Zitaharibika, mama. Hata chaki huisha, mbona hukuifungia? Na kwa ulinzi wako wote huo, aliyezitumia ni mjusi.

Binti wa dada yako hajakununia kwa ajili ya kijana. Ana mtihani muhula ujao, na mama yake mdogo ndiye aliyemfungia mlango.

Halafu nimeona jambo. Barua yako kwangu umeiandika kwa kalamu, kurasa tatu. Usinidanganye kwamba unaogopea mashine. Unaogopa siku mtoto atakapokuomba umwonyeshe inavyowashwa.

Basi sikiliza. Ichane barua ya kufukuza. Mpe kijana vipindi vyote alivyonyimwa, hata Jumamosi. Ufunguo wako utupe, haufungui tena kitu. Kisha ingia darasani na viatu vyako, kaa karibu na huyo binti, umwambie hujui, akufundishe. Atasema nawe.