Mkono pembeni ya picha

Kulthumu, uko wapi? Leo nimeanza stage, mafunzo ya kazi, kwa mbunge hapa Gitega, na Donatienne, tunayeanza naye, ameniibia siku yangu!

Jana aliniambia: "We vaa imvutano, lile vazi la sherehe, mheshimiwa anapenda watu wa heshima." Nikavaa ile ya harusi ya dada. Kumbe Jumamosi tunaanzia kwenye travaux, kazi za jamii, watu wote na majembe mtaroni! Yeye kaja na buti.

Eti: "Nishikie mkoba, we usijichafue."

Mbunge akauliza nani alianzisha usafi wa soko kule Muyinga. DONATIENNE akanyanyua mkono! Donatienne! Usafi wetu, mi na we!

Sasa picha yake na mbunge iko kila groupe ya WhatsApp. Wananisifia rafiki yangu.

Angalia pembeni, ule mkono ulioshika mkoba.

Ni wangu.