Kumi na Mbili Gawanya kwa Nne

Jumamosi, Julai. Tangu asubuhi Kawangware ni manyunyu na baridi ya kuingia mifupani. Nimerudi kutoka Soweto West, kule Kibera, na matope hadi magotini, na bado sijavua viatu.

Leo nilikwenda kuwaambia watoto kwamba darasa letu limekwisha.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu mnanijua kwa ugomvi. Nimegombana hapa na wachungaji, na waheshimiwa, na walimu wanaowaimbisha watoto hesabu kwa Kiingereza wasichokielewa. Darasa la Jumamosi lilizaliwa na ugomvi huo. Mtu aliniambia kama naona ni rahisi, nikafundishe mwenyewe. Nikaenda. Ukumbi wa kanisa, Kibera, watoto kumi na watatu, na mimi na mdomo wangu.

Kugawanya niliwafundisha kwa kuwakalisha. Kaeni wanne wanne, nikasema. Yakatokea makundi matatu, na msichana mmoja akasimama katikati bila kundi. Nikawaeleza: kumi na tatu gawanya kwa nne ni tatu, baki moja. Makundi kamili ndiyo jibu. Asiyetosha kuunda kundi ndiye baki.

Darasa lilipokwisha wengine wakatoka mbio. Yule msichana, Akoth, akabaki amekaa. Nikamuuliza kwa nini haendi nyumbani.

"Si umesema baki moja?"

Alikuwa ameisikia kama amri: mmoja wenu abaki. Kwa namna sisi wa Nairobi tunavyochanganya moja na mmoja, nani angemlaumu? Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo nafasi ile ikawa yake. Nikisema wanne wanne, hahangaiki kutafuta kundi. Anakuja moja kwa moja kwenye benchi langu. Darasa likiisha anabaki, ananiuliza maswali. Siku moja aliuliza kama baki inaweza kuzidi ile namba unayogawanya nayo. Nikamwambia akafikirie. Juma lililofuata alikuja na jibu lake kabla hata ya salamu: wakizidi, si hao wangetosha kuwa kundi ingine?

Akoth amekufa.

Kifua. Mama yake, anayefulia watu nguo kule mtaa wa Ayany, alimbeba mgongoni hadi zahanati moja. Wakamwambia ampeleke kwingine, na huko kwingine wakamwambia arudi kesho yake. Wamemzika kwao, upande wa ziwa.

Niliandika makala kuhusu zahanati hizo. Maneno ya moto, mnajua ninavyoandika. Nimeifuta. Kila sentensi ilikuwa inanihusu mimi, jinsi ninavyojua kukasirika. Yeye hakuwamo.

Basi leo. Niliingia ukumbini na maneno ya kuwaaga yakiwa tayari, ila mdomo huu usioogopa mtu ukakataa kufunguka. Kwa mazoea tu, nikasema kaeni wanne wanne.

Wakakaa. Makundi matatu. Hakuna aliyebaki amesimama.

Kumi na mbili gawanya kwa nne ni tatu, baki sifuri. Vitabuni hiyo ndiyo hesabu nzuri, imetoka safi. Nilitazama benchi langu, sikuweza kuitamka.

Nafula, ambaye hujibizana na kila mtu nikiwemo mimi, akainua mkono. "Ticha, hii hesabu ni mbaya."

Nikamwambia mbona imegawanyika sawasawa.

"Ndio nasema ni mbaya. Tugawe na tano."

Brayo, aliyekaa nyuma yake, akamcheka. "Huyu anataka tu kukaa na ticha ajifanye kiranja."

"Kuja pia wewe. Si wanabaki wawili?"

Alikuwa ameshapiga hesabu. Wengine nao wakahesabu kwa vidole, kisha wakaanza kusogeza viti wenyewe bila kuniuliza. Watano huku, watano kule. Nafula akaja kukaa kushoto kwangu, Brayo kulia, na Brayo hakuwa anacheka tena.

Hakuna aliyemtaja Akoth. Mimi nilikuwa nimekwenda kuwaaga; wao walikuwa wakitafuta namba isiyoniacha peke yangu.

Sikuwaaga. Niliinuka nikaandika ubaoni: kumi na mbili gawanya kwa tano ni mbili, baki mbili. Mwandiko ulipinda vibaya, na hao watoto wanaocheka kila kitu wakaunakili vilevile.

Nisijidanganye kwamba nimepona. Nimefika nyumbani nikalia nikiwa bado mlangoni, na jirani yangu hapa plotini akajifanya anaanika nguo, kwenye mvua. Kosa kubwa zaidi la hesabu ni kudhani wawili wanaweza kujaza nafasi ya mmoja. Nadhani hata wao wanajua hilo. Walikuja kukaa tu.

Jumamosi ijayo nitarudi Kibera. Sijui nitawagawanya kwa ngapi.