Alichoandika Pembeni

Jumatatu, 3 Machi
Programu mpya ya dobi letu imeanza kazi. Nguo zikiwa tayari, ujumbe unamwendea mteja wenyewe. Zamani marehemu mume wangu ndiye aliyewapigia simu. Alikuwa akiongea amesimama wima, kana kwamba mteja yuko mbele yake. Shemeji, mdogo wake, anasema tukifikisha wateja mia tatu wiki hii, mwekezaji atatia fedha. La sivyo tunafunga kampuni, pasi za umeme na vyote.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Fundi wa programu aliingiza daftari zima la wateja la marehemu, hadi aliyoandika pembeni kwa siri yake. Yote yametumwa! Mwalimu mstaafu kapata: "Nguo zako ziko tayari. Mbishi, ila ana moyo mzuri. Mpe kiti." Muuza vioo: "Suruali mpya, tumbo lilelile."
Fundi hajala tangu asubuhi.

Jumatano, 5 Machi
Mwalimu kaja. Nikajiandaa kutukanwa. Akauliza kiti chake kiko wapi. Kakaa saa nzima.

Alhamisi, 6 Machi
Foleni hadi nje. Kila mtu anataka kujua marehemu alimwonaje. Mmoja hakuandikiwa kitu — kanuna. Shemeji kasema kaka yake hakuwahi kuleta wateja hivi alipokuwa hai. Kisha akainama kufunga kamba za viatu, muda mrefu.

Jumamosi, 8 Machi
Wateja 341. Mwekezaji kakubali, kwa sharti: wateja wapya nao waandikiwe. Fundi anasema mashine imeshajifunza kuandika kama marehemu. Inatakiwa sahihi yangu, mjane.
"Hatumuuzi, shemeji. Tunamwendeleza," kasema mdogo wa marehemu.
Nikamwuliza kama huyo wa kuendelezwa naye atasimama akiongea.

Jumatatu, 10 Machi
Karatasi mezani, kalamu juu yake. Shemeji, fundi na mwekezaji wameketi kama wamekuja kunipa pole. Kabla sijashika kalamu, simu yangu ikalia. Nilisahau — juzi nilileta blanketi letu lifuliwe, kwa jina langu.
"Blanketi lako liko tayari. Huyu usimpigie. Mpelekee mwenyewe, umwone akifungua mlango."
Nilikuwa mteja wake kabla ya kuwa mkewe. Aliniletea nguo hadi mlangoni, kila wiki.
Nikamwuliza fundi: ni yeye, au mashine? Akasema hajui, labda nitazame daftari.
Niko stoo. Daftari lake liko mapajani, nimeegemeza shajara hii juu yake. Sijalifungua.
Shemeji kabisha hodi mara mbili.