Mipango Miwili Iliyonishinda

Jumatatu, 3 Juni
Kukanda, kusukuma, kukata. Mahamri ya Mama yametoka mapema. Malori yameziba Mikindani nzima. Mtihani wa marudio ni Ijumaa. Nikianguka tena, chuo basi, na mimi ni wa karai milele. Naogopa.

Swali lililonisumbua: nukta nne kwenye pembe za mraba. Kila moja nyekundu au nyeupe. Mashine inaainisha kwa mstari mmoja ulionyooka, nyekundu huku, nyeupe kule. Itaweza kutenga mipango mingapi ya rangi? Mara ya kwanza niliandika kumi na sita bila kuchora. Karatasi hazirudishwi. Sijui kama kosa lilikuwa hapo.

Jumanne, 4 Juni
Kunde ndizo nyekundu, mbaazi ndizo nyeupe, uzi ndio mstari. Yote kwenye sinia la Mama. Nukta tatu: mipango minane, yote imekubali. Nne: kumi na minne tu. Kunde zikikaa pembe zinazotazamana kimshazari, na mbaazi vivyo hivyo, uzi hauzitengi. Miwili imenishinda.

Jumatano, 5 Juni
Ile ile miwili. Mwangi, tunayesoma naye, kacheka. "Mbili mara mbili mara mbili mara mbili, Kadzo. Kumi na sita. Wacha kujisumbua." Kundi zima la marudio limemuunga mkono. Nimechoka kuwa mjinga peke yangu.

Alhamisi, 6 Juni
Mama amedai sinia lake. Nikamweleza. Ametazama zile pembe, kisu mkononi.

"Kwa mkato mmoja? Haikatiki hiyo, mwanangu. Labda upinde kisu."

Mama hapindi kisu. Hamri lililokatwa kombo huungua ncha. Kazoa kunde na mbaazi, kazitia chungu kimoja. Nimekasirika hadi machozi. Mama aliachia darasa la nne. Nimwamini nani?

Ijumaa, 7 Juni
Kumi na minne. Nimeandika, nikachora ile miwili isiyowezekana. Nje wenzangu wote wanasema kumi na sita. Mwangi amenionea huruma. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatatu, 17 Juni
Nimepita. Safari hii wamebandika majibu: kumi na minne. Mwangi hakupita. Nimeshindwa kumtazama.

Mama alikuwa anasukuma. Nikamwambia.

"Hata ile ya kisu?"

"Hata ile, Mama."

Kanisogezea kisu. Nimekata donge zima, taratibu, moja kwa moja.