Mlezi wa Yatima

Jumatatu, 3 Juni 1996
Nimechapa barua tatu za kuomba kazi, kadi za harusi. Kompyuta mpya ya dukani inakagua spelling yenyewe. Inajua Kiingereza tu, ila Kiswahili naifundisha: neno nikilipitisha, inalishika. Leo tangazo la baa ya jirani hapa Sinza: mlevi haruhusiwi. Siku hizi sirudii kusoma nilichochapa. Sioni haja.

Jumatano, 5 Juni
Mzee Lazaro wa Tandale kafiwa na mkewe, mkunga mstaafu. Kaleta wasifu wa marehemu, kauandika kwa mkono. Mazishi kesho. Aliomba tuusome pamoja kabla sijatoa nakala. Nikamwambia asijali, mashine inakagua. Neno moja nilikosea, ikanipa jingine, nikakubali. Nakala mia.

Alhamisi, 6 Juni
Nilikwenda msibani. Mzee alisoma wasifu mwenyewe, kwa sauti. "Alikuwa mlevi wa yatima." Akaishia hapo. Mtu akacheka nyuma yangu. Kisha wengine.
Binti yao, Neema, alinifuata baadaye, akauliza ilikuwaje. Nikasema kompyuta imekosea. Jeneza lilikuwa bado halijatoka.

Ijumaa, 7 Juni
Nimejaribu tena. Nilichapa "mlexi" kama juzi, ikanipa "mlevi". Neno mlezi halimo kwenye mashine. Mlevi limo, nimeliweka mwenyewe Jumatatu. Sikula mchana. Najiona mchafu.

Jumamosi, 8 Juni
Tandale, kwa miguu. Nilitaka kugeuka njiani mara mbili.
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba."
Nikamwambia kosa ni langu, si la kompyuta, na kwamba nilimdanganya Neema.
"Nilikuomba tusome," alisema.
Heri angenitukana.

Jumanne, 11 Juni
Mzee kaja dukani. Anataka nakala nyingine za kuwapelekea ndugu zake Njombe. Sikutegemea. Nilichapa, nikatoa moja, tukakaa nayo kwenye benchi. Mimi nasoma neno kwa neno, yeye anafuata kwa kidole. Kwenye mstari wa yatima akanisimamisha. Nikarudisha macho kwenye neno mlezi.
"Hujakosea," alisema. "Ila hao watoto wana majina."
Akanitajia majina matatu: Tabu, Yohana na Sikujua. Nikayaandika kwa kalamu pembeni, nikamsomea herufi moja moja, naye akawa anaitikia kwa kichwa.