Aleluya Kwenye Ghala la Kahawa

Jumamosi, 15 Machi
Nimechoka na tarumbeta za kwenye laptop! Nikiziweka juu ya gitaa zangu za heavy metal zinalia kama honi ya bajaji. Nataka za kweli. Na zipo — bendi ya parokia, ila Kwaresima hii imenyamaza, vyombo vyote vimefungiwa. Ufunguo anao Baba mdogo Raimundi, kiongozi wao. Kesho namvaa.

Jumapili, 16 Machi
Kakubali! Kwanza alisema muziki wangu ni wa kutishia nguruwe. Halafu akauliza aje saa ngapi. Ghalani ninakorekodia si kanisani, kasema, mradi tusiguse nyimbo za shangwe. Mungu ambariki.

Jumanne, 18 Machi
Kaja na tarumbeta kaiviringisha kwenye kitenge cha Mama mdogo. Ghala ni tupu mpaka msimu wa kahawa. Magunia nimeyatundika ukutani kuua mwangwi. Nikamvalisha headphone zenye gitaa zangu, nikamwomba apashe midomo moto kwanza. Nikabonyeza kurekodi.

Akafumba macho. Ikatoka Aleluya ya Pasaka! Katikati ya Kwaresima, wakati haiimbwi kabisa! Mazoea tu, maskini. Lakini ilivyopaa juu ya gitaa — mwili wote ulinisisimka. Ghafla akakata, akafanya ishara ya msalaba. Futa, mwanangu, akasema.

Sijawahi kurekodi kitu kizuri hivyo. Kumdanganya ningeweza, yeye kompyuta haijui. Nimefuta mbele yake. Akaiviringisha tarumbeta kwenye kitenge, akaondoka.

Jumatano, 19 Machi
Bado inaniuma. Lakini nimeisikia. Nashukuru hata kwa hilo.

Jumatatu, 21 Aprili
Jumatatu ya Pasaka. Nilikuwa nafua, hodi! Baba mdogo. Nyuma yake wenzake wa bendi: Aidan na tromboni, Luisa kakumbatia ile tarumbeta kubwa ya besi, wote na sare za jana. Nikawaamkia na mapovu mikononi.

Marahaba, sasa ni ruksa, akasema Baba mdogo. Eti siku ile alitaka kuniomba niifiche ile rekodi badala ya kuifuta, akaona aibu. Nilipoifuta akaenda kuwaambia wenzake wote. Jamani! Nimelia mbele za watu.

Tulikaa tu kwanza, umeme umekatika. Betri ya laptop ilishakufa zamani. Nimewaambia warudi kesho. Wapi! Baba mdogo kavua koti, Luisa kaomba chai. Naandika maji yakichemka. Huko ghalani wameshaanza — Aleluya, na hakuna kinachorekodi. Asante, asante! Gitaa yangu hata bila umeme inatoa kasauti. Chai itajipika, naenda