Randa Isiyotoka Ukutani

3 Machi

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na kifua kimekuachia. Mimi mzima.

Nakutangazia rasmi, wewe pamoja na kuku wote wa uani, kwamba karakana yangu imefunguliwa. Ina mlango, ina kufuli, ina benchi la kazi, ina kibao chenye jina langu. Imekosa kitu kimoja tu: randa. Ni kama kinyozi asiye na wembe.

Nimepata kazi ya milango sita ya zahanati, inatakiwa mwisho wa mwezi. Randa za dukani nimezitazama kwa heshima, nikazirudisha rafuni. Jirani yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Umeme kwa sababu ya mashine zake, amesema atanilainishia mbao zote bure, mradi kibao kisomeke jina lake na mimi niitwe msaidizi. Nilimjibu kwamba bora nizilainishe kwa ulimi.

Baba, ile randa yako ya mti imetundikwa ukutani tangu ulipoacha useremala. Niazime.

Binti yako, fundi


10 Machi

Kwa binti yangu, karani mtarajiwa,

Marahaba. Goti ni langu, niachie mwenyewe.

Randa haitoki ukutani. Mlango wa jikoni hapa umevimba kwa mvua, naufunga kwa teke, na bado sijaishusha. Ndiyo itakuwa kuipakia kwenye basi ije huko?

Nilikwambia usomee ukarani. Karani haombi randa.

Baba yako


15 Machi

Kwa Baba, mlinzi wa ukuta,

Shikamoo. Pole na teke.

Nimepata randa. Ya chuma! Muuza vyuma chakavu alikuwa anaitumia kama jiwe la mizani. Hakutaka kuiuza, akaniuliza, "Sasa dada, nitapimia nini, kichwa?" Nikamtafutia jiwe la uzito uleule, nikamwongezea kigoda maana alikuwa anakalia ndoo. Kigoda sikukipiga randa, kwa sababu unazozijua. Kimemchana suruali, lakini tulikuwa tumeshapatana.

Haikuwa na jino, ule wembe wake wa kukatia. Jino nimelikata kutoka kwenye bamba la msumeno wa mviringo ambao Umeme aliutupa jalalani. Asubuhi ananisalimia vizuri tu, hajui.

Humu ndani nimeweka utepe wa maranda, uone kwamba inakula mbao. Sihitaji chochote. Nakujulisha tu.

Binti yako, fundi vilevile


20 Machi

Kwa binti yangu mbishi,

Marahaba. Kifua kizima.

Nimeutazama huo utepe wako. Upande mmoja mnene kama ganda la ndizi, upande wa pili hakuna kitu: jino limekaa mshazari. Katikati umechanika: unapiga kinyume cha nyuzi za mbao. Na tumbo la hiyo randa, upande wa chini, limepinda, kwa hiyo tandika msasa juu ya kioo ulisugue mpaka ling'ae lote. Mlango ukiupiga hivyo, wagonjwa watatoka na vibanzi badala ya dawa.

Huu si msaada. Ni malalamiko.

Baba yako


8 Aprili

Kwa binti yangu,

Hujambo? Mwezi umekwisha, mwingine umeanza, na barua sioni. Nauliza kwa sababu ya posta, maana siku hizi hawaaminiki. Kama kibao umekibadilisha jina, sema. Sitacheka. Nitacheka kidogo.

Baba yako


12 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Posta haina kosa. Vidole vilikuwa havishiki kalamu.

Nilisugua tumbo la randa siku mbili. Milango sita nimeipiga randa kwa mkono, pande zote, nikilala kiwiko kimevimba kama huo mlango wako. Nimeikabidhi siku ya mwisho, saa ya mwisho, mganga mkuu akiwa ameshika funguo za kuondoka. Alipitisha kiganja, akapitisha tena.

Umeme naye alikuja kupapasa. Mashine yake inaacha mawimbi. Akaniuliza pembeni, kwa sauti ya mtu anayeulizia choo, kama naweza kumpigia randa meza moja ya mteja wake. Nimemwambia ailete, apite mlango wenye kibao changu, akisome.

Utepe mwingine huu hapa. Lalamika sasa.

Randa yako ibaki huko huko. Siitaki tena, hata ukiniletea kwa miguu.

Binti yako, fundi


19 Aprili

Kwa fundi,

Marahaba, mwanangu. Goti linauma, ulikuwa umeuliza.

Utepe umefika mzima. Nimeuweka juu ya barua yako, nikasoma herufi zote chini yake. Nimetafuta la kulalamikia tangu asubuhi, sijapata.

Ukija, njoo na randa yako. Mlango wa jikoni bado naufunga kwa teke.

Yangu ililiwa na mchwa mwaka juzi.

Baba yako